Bila vita ya 1914, Lenin si angezeekea Uswisi?

#1 Mtafiti wa Jioni
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linanikereketa tangu nianze kusoma habari za Urusi. Januari 1917 Lenin, mwanamapinduzi wa Urusi aliye uhamishoni, yuko Zürich, amepanga chumba kwa fundi viatu, pesa ya shida, kutwa nzima maktaba. Mwezi huohuo anawahutubia vijana wa kisoshalisti pale mjini na kuwaambia kwamba huenda wao wazee wasizione siku za mapinduzi yajayo. Mzee mwenyewe ana miaka 46! Wiki chache baadaye Tsar hayupo. Kufika Novemba, mpangaji wa fundi viatu ndiye mkuu wa serikali pale Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo.

Msimamo wangu: vita ndiyo iliyomzaa. Bila zile risasi za Sarajevo za tarehe 28 Juni 1914, zilizomuua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria, Tsar angefia kitandani na Lenin angezeekea Uswisi akiandikiana barua za matusi na wenzake. Mwenye hoja tofauti aje nayo. Ushabiki wa Mashariki na Magharibi tuuache mlangoni.

#2 Kifimbo
Nimetandika mkeka. Leo hapa hakulaliki.

#3 Mwl. Kibwana
Uzi mzuri, ila tuweke msingi kabla watu hawajaanza kurushiana mawe. Lenin hakumwondoa Tsar. Nicholas II alijiuzulu tarehe 15 Machi 1917 ndani ya behewa la treni yake huko Pskov, baada ya majenerali wake mwenyewe kumletea telegramu moja baada ya nyingine, zote zikisema ondoka. Akamwachia mdogo wake Mikhail, naye kesho yake akakataa. Lenin alifika Petrograd tarehe 16 Aprili, mwezi mzima baadaye. Alichokipindua yeye ni Serikali ya Muda iliyompokea Tsar, iliyokuwa chini ya Kerensky wakati huo.

Kwa hiyo maswali ni mawili. Nani alimwangusha Tsar? Na kwa nini waliompokea hawakufikisha hata mwaka?

#4 Mtafiti wa Jioni
Yawe mawili, yawe matatu, Mwalimu, mzazi wao ni yuleyule. Vita.

#5 ReliYaKati
Nimefanya kazi reli mpaka nikastaafu, nitasema ninalolijua. Watu hudhani Petrograd ilikosa mkate kwa sababu nchi haikuwa na nafaka. Si kweli. Kabla ya vita Urusi ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani, na Waturuki walipofunga njia ya kutokea Bahari Nyeusi mwaka 1914, ngano hiyo ilibaki ndani. Shida ni kwamba mji uko kaskazini, nafaka iko kusini, na injini na mabehewa kwanza ni ya jeshi. Injini inataka matengenezo. Ukiikimbiza miaka miwili bila kuifungua, siku ya baridi kali inakufia njiani, na treni zilizo nyuma yake zote zinasimama. Baridi ya mwanzo wa 1917 ilikuwa ya kupasua mabomba.

Halafu mkulima naye. Bei ya nafaka imepangwa na serikali, noti inashuka thamani kila mwezi, dukani hakuna msumari wala kitambaa. Auze apate nini? Akaifukia. Siasa siijui, najua behewa lisipofika kinatokea nini stesheni.

#6 bintiPangani
Na kwenye hiyo foleni ya mkate alisimama nani? Mnataja majenerali na injini tu. Tarehe 8 Machi 1917, Siku ya Wanawake, wafanyakazi wa kike wa viwanda vya nguo mtaa wa Vyborg waligoma, wakaenda hadi kwenye viwanda vya vyuma kuwaita wanaume, wakitupa mabonge ya theluji madirishani. Viongozi wa vyama, Wabolsheviki wa Lenin wakiwemo, walikuwa wamewasihi wasigome siku hiyo. Hawakusikia la mtu.

Siku ya tano, askari wa kikosi cha Volynsky walioamriwa kuwapiga raia risasi wakamgeukia ofisa wao. Mji ulikuwa na askari zaidi ya laki moja na nusu, wengi makuruti kutoka vijijini wanaosubiri kupelekwa mbele kufa. Walipoungana na wagomaji, serikali ya Tsar imekwisha. Hapo Lenin bado yuko kwa fundi viatu.

#7 Zumbukuku
Ngojeni kwanza. Machi? Mbona yanaitwa Mapinduzi ya Februari? Na yale ya Oktoba nasikia mnasema Novemba. Au kalenda ya kwangu ndiyo mbovu?

#8 Mwl. Kibwana
Urusi ilikuwa bado kwenye kalenda ya zamani ya Julius, siku 13 nyuma. Februari 23 kwao ni Machi 8 kwa wengine, Oktoba 25 ni Novemba 7. Wabolsheviki waliihama mwaka 1918: watu walilala Januari 31 wakaamka Februari 14.

#9 Zumbukuku
Na mwenye nyumba alidai kodi ya mwezi mzima?

#10 Kifimbo
Mwenye nyumba alikuwa ameshakimbilia Paris.

#11 Jasusi Mstaafu
Mnachekeshana tu. Hapa kuna watu walizunguka mbuyu, na mbuyu wenyewe uko Berlin. Ujerumani inapigana pande mbili, inataka upande mmoja ufungwe. Parvus, mwanamapinduzi wa 1905 aliyekuja kuwa tajiri kule Constantinople, aliwapelekea Wajerumani mpango wake tangu 1915. Tarehe 9 Aprili 1917 Lenin na wenzake thelathini na kitu wanapanda treni Zürich, wanaikatiza nchi wanayopigana nayo bila bughudha, wanavuka kwenda Sweden, hao Finland, hao Petrograd. Pesa nazo zikapita njia za Scandinavia. Nyaraka za wizara ya mambo ya nje ya Ujerumani zilizotekwa mwisho wa vita ya pili zinaonyesha fungu lilitengwa.

Mwaka haujaisha vizuri, tarehe 3 Machi 1918, serikali ya Lenin inasaini na Wajerumani mkataba wa amani wa Brest-Litovsk na kuachia Poland, nchi za Baltic na Ukraine, karibu thuluthi ya watu wote wa dola ile. Mnataka risiti gani tena?

#12 MtuWaMoscow
Jasusi, risiti yako ina tarehe mbaya. Pesa zilikuwepo, sikatai. Ila Machi 1917 hakuna Mjerumani aliyemlipa yule mama wa foleni. Na zile nyaraka ambazo Wamarekani walizichapisha 1918 kuthibitisha kwamba Lenin ni kibaraka zilikuja kubainika kuwa za kughushi. Tena Martov na Wamensheviki wengine, wasoshalisti wapinzani wa Lenin, walipitishwa Ujerumani kwa treni ya namna hiyohiyo mwezi uliofuata. Mbona wao hawakupindua kitu?

Nilisoma kule miaka ya themanini. Bibi wa rafiki yangu, mtu wa mkoa wa Tambov, alikuwa akisimulia jinsi baba yake alivyorudi kutoka vitani mwaka 1917 na bunduki begani, bila ruhusa ya mtu. Alisikia kijijini wanagawana mashamba ya bwana mkubwa, akaona akichelewa atakuta mawe. Hilo ndilo jibu langu: ardhi. Utumwa wa mashambani ulifutwa 1861, lakini waliokombolewa wakatakiwa kulipia vipande walivyogawiwa, na malipo yale yakaendelea mpaka 1907. Deni la babu linalipwa na mjukuu. Serikali ya Muda ikawaambia subirini Bunge la Katiba. Lenin siku ya pili tu madarakani akatoa Amri ya Ardhi na Amri ya Amani.

Na hawakumpigia kura, hilo pia mlijue. Uchaguzi wa Novemba 1917 walishinda Wasoshalisti Wanamapinduzi, chama cha vijijini. Wabolsheviki walipata kama robo. Bunge lenyewe lilikaa kikao kimoja Januari 1918, likatawanywa.

#13 Jasusi Mstaafu
Martov alipewa treni, hakupewa bahasha. Soma tena nilichoandika.

#14 Chifu wa Benchi
Mimi hunishangaza kitu kimoja. Kaiser wa Ujerumani, Tsar wa Urusi na mfalme wa Uingereza ni ndugu wa tumbo moja! Dunia nzima ikachinjwa kwa ugomvi wa urithi. Tena kwa bahati tu, maana Princip, yule kijana wa risasi za Sarajevo, alikuwa ameshakata tamaa, akaenda zake kununua sandwichi, gari la mrithi wa kiti likamjia mdomoni.

#15 Msomaji wa Wete
Tumbo moja tena! Wilhelm na George ni wajukuu wa Malkia Victoria. George na Nicholas mama zao ni ndugu, mabinti wa mfalme wa Denmark. Mke wa Nicholas, Alexandra, naye mjukuu wa Victoria. Ni mabinamu na mashemeji, na hakukuwa na urithi wowote wa kugombania. Hao hao Wilhelm na Nicholas walikuwa wakipelekeana telegramu mpaka dakika ya mwisho, wakiitana Willy na Nicky, na vita ikaja vilevile. Undugu haukuanzisha wala haukuzuia.

Hiyo sandwichi ni hadithi ya juzijuzi tu, imezaliwa baada ya mwaka 2000. Kilichotokea ni hiki: asubuhi ile mwenzake Princip, Čabrinović, alitupa bomu likakosa na kujeruhi watu wa gari la nyuma. Baada ya hafla Franz Ferdinand akataka kwenda kuwaona majeruhi hospitali. Njia ikabadilishwa, dereva hakuambiwa, akakata kona ya zamani karibu na Daraja la Kilatini, akapigiwa kelele asimame. Akasimama mbele ya Princip. Kijana alikuwa na miaka 19, sheria ya Austria haikuruhusu kumnyonga aliye chini ya 20, akafia gerezani kwa kifua kikuu Aprili 1918.

#16 Chifu wa Benchi
Sawa, ila sandwichi ilikuwa inanoga.

#17 ReliYaKati
Mmefika kwangu tena. Hiyo vita ni ya ratiba za treni. Jeshi la watu mamilioni haliendi vitani kwa miguu. Kila kikosi kina treni yake, kila treni ina saa yake ya kupita kila daraja. Urusi ilitaka iite sehemu tu ya jeshi, ya upande wa Austria. Wakubwa wa jeshi wakasema haiwezekani, mkianza nusu mtaivuruga nzima. Tarehe 30 Julai wakaita jeshi lote. Mjerumani naye mpango wake ni kuimaliza Ufaransa haraka kupitia Ubelgiji kabla Mrusi hajakusanyika, kwa hiyo kila siku anayongoja ni hasara kwake. Tarehe 1 Agosti Kaiser akamwambia Moltke, mkuu wa majeshi yake, basi tugeuze jeshi lote liende mashariki. Moltke akamjibu haligeuziki. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilimwelewa yule jenerali kuliko nilivyowahi kumwelewa mwanasiasa.

#18 Mzawa wa Voi
Mzee wa reli heshima yako, lakini ratiba haijiandiki. Kuna mtu aliketi Berlin tarehe 5 Julai akamwambia Austria fanya utakalo, tuko nyuma yako. Kuna mtu Vienna aliandika kauli ya mwisho ya tarehe 23 Julai kwa Serbia, makusudi ili ikataliwe. Na Belgrade, mji mkuu wa Serbia, kuna kanali, Apis, mkuu wa ujasusi wa jeshi na wakati huohuo kiongozi wa kundi la siri la Mkono Mweusi, aliyewapa vijana silaha. Mkisema ratiba mnawaosha mikono hao wote.

Huku kwetu hiyo vita tuliiona uso kwa uso. Taveta ilitekwa na Wajerumani Agosti 1914 ileile, na Waingereza wakajenga reli ya kijeshi kutoka Voi kwenda huko ili wapate kuingia Tanganyika. Babu wa babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo. Hakurudi, na hakuna kaburi. Wabeba mizigo walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara damu na njaa, risasi hawakuziona. Jina la Franz Ferdinand alilijua wapi?

#19 Kifimbo
Poleni Mzawa. Hapo umetunyamazisha.

#20 Mgogo Asili
ReliYaKati alipoandika juu ya nafaka iliyofichwa nilikumbuka Mtunya, ile njaa kuu ya kwetu. Wazee wa Ugogo waliihesabia umri kwayo: fulani kazaliwa kabla ya Mtunya, fulani baada. Wajerumani walipita wakachukua ng'ombe, mtama na vijana wa kubeba mizigo. Mwaka 1916 Dodoma ikaangukia kwa Waingereza na jeshi lao la Afrika Kusini, nao wakachukua kilichobaki. Mvua zikakata. Kufika 1918 hadi 1920 watu walikuwa wanakufa njiani wakitafuta chakula kwa majirani, na mafua makali ya 1918 yakawakuta hivyohivyo. Kwa hiyo mtu akiniambia njaa ya vita huleta mapinduzi, namuuliza: kwetu mbona ilileta makaburi tu? Petrograd walikuwa na viwanda, askari wamejaa mjini, na bunduki karibu. Mgogo wa 1918 alikuwa na nini?

#21 bintiPangani
Mgogo Asili, hilo ni zito kuliko yote yaliyoandikwa humu.

Nami nina langu kwa mleta mada. Unasema bila vita Tsar angefia kitandani. Julai 1914, wiki chache kabla ya vita, St. Petersburg (Petrograd ya baadaye) ilikuwa kwenye mgomo mkubwa, vizuizi barabarani, wafanyakazi wanapambana na polisi wakati rais wa Ufaransa Poincaré yuko mjini kama mgeni. Miaka miwili nyuma yake wachimba dhahabu wa Lena walipigwa risasi na migomo ikaenea nchi nzima. Vita ilipoanza, migomo ikazimika, watu wakapiga magoti mbele ya kasri. Vita haikuzaa mapinduzi, iliyachelewesha!

#22 Mtafiti wa Jioni
Migomo ya 1905 ilikuwa mikubwa zaidi na Tsar alipona. Alipona kwa sababu jeshi lilikuwa bado lake. Kilichobadilika 1917 ni jeshi. Maofisa wa zamani na askari wazoefu walikwisha kufa, kuanzia kipigo cha Tannenberg Agosti 1914 na kurudi nyuma kule kwa 1915. Septemba 1915 Nicholas mwenyewe akajitwisha ukuu wa jeshi, akahamia makao makuu ya jeshi Mogilev, tangu hapo kila kipigo ni chake, na huku nyumbani kamwachia mke na Rasputin, mganga wa maombi aliyeaminiwa na mke huyo. Tena vita ilipoanza alipiga marufuku vodka, na vodka ilikuwa karibu robo ya mapato ya serikali! Unakwenda vitani na kuitupa robo ya hazina?

Pyotr Durnovo, waziri wake wa zamani wa mambo ya ndani, alimwandikia Februari 1914 kwamba vita na Ujerumani ikienda vibaya italeta mapinduzi ya kijamii. Hakuwa mkomunisti yule, alikuwa mhafidhina wa kutupwa.

#23 Zumbukuku
Kufuta vodka Urusi! Mengine yote mliyoandika hayana haja.

#24 Kalenga Yetu
Samahani kwa kuuhamisha uzi, lakini mmeongelea chimbuko tu, mwisho hamuugusi. Mkataba wa Versailles ulisainiwa 28 Juni 1919, tarehe ileile ya Sarajevo. Wote wanakumbuka kifungu cha 231 kilichoibebesha Ujerumani dhamana ya vita, na kile cha 119 kilichoinyang'anya makoloni, ndiyo tukaenda kwa Mwingereza na Ruanda-Urundi kwa Mbelgiji. Someni cha 246. Ndani ya miezi sita Ujerumani irudishe fuvu la Sultani Mkwawa. Wakubwa wa dunia wanachora mipaka ya Ulaya, na ndani yake kuna Mhehe aliyekufa 1898!

Wajerumani wakasema hawalijui. Likarudi 1954, Gavana Twining ndiye aliyelikabidhi Kalenga. Kwetu vita ya kwanza iliisha siku ile.

#25 Zumbukuku
Miezi sita ikawa miaka 35. Na zile fidia walilipa kwa mwendo huo?

#26 Chifu wa Benchi
Walimaliza 2010, nilisikia redioni. Miaka 90 na kitu wanalipa fidia.

#27 Msomaji wa Wete
Fidia yenyewe, ile iliyowekwa 1921 ya marki za dhahabu bilioni 132, haikulipwa yote hata kidogo, ilisimamishwa 1932. Kilichomalizika tarehe 3 Oktoba 2010 ni riba za mikopo ambayo Ujerumani ilikopa kwa dhamana za miaka ya ishirini ili iweze kulipa fidia. Vitu viwili tofauti.

#28 Chifu wa Benchi
Wewe wa Wete una kazi na mimi leo.

#29 MtuWaMoscow
Kalenga Yetu kanifungulia mlango. Mtafiti, ijaribu nadharia yako kwa Ujerumani. Vita ileile. Njaa kali, majira ya baridi ya 1916 kwenda 1917 mijini walikula mizizi ya kulishia ng'ombe. Novemba 1918 mabaharia wa Kiel wanaasi, mabaraza ya wafanyakazi na askari yanatokea kila mji, tarehe 9 Kaiser anaanguka na kukimbilia Uholanzi. Kila kitu kama Petrograd. Matokeo? Ebert, msoshalisti aliyeshika serikali, anapatana na majenerali, Januari 1919 viongozi wa wakomunisti Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht wanauawa, na nchi inabaki jamhuri ya bunge. Kama vita ndiyo mzazi, mbona watoto hawafanani? Kwa sababu mkulima wa Kijerumani hakuwa na deni la 1861.

#30 Mwl. Kibwana
Au kwa sababu Ebert alisimamisha vita na Kerensky akaiendeleza. Mashambulizi ya Julai 1917 ndiyo yaliyoimaliza Serikali ya Muda. Amani ingekuja Mei, nani angemsikiliza Lenin?

#31 Mtafiti wa Jioni
Mwalimu yuko upande wangu, asante. Na Hungary je? Machi 1919 mkomunisti Béla Kun akashika nchi. Bila vita angekuwa karani wa kawaida tu.

#32 MtuWaMoscow
Akaishika mpaka Agosti, jeshi la Romania likaingia Budapest. Tena aligoma kuwagawia wakulima ardhi, akataka mashamba yote yawe ya serikali. Umenisaidia mwenyewe.

#33 Jasusi Mstaafu
Huyo Béla Kun alikuwa mateka wa vita Urusi, akarudi kwao Novemba 1918. Nauli alipewa na nani?